Orodha

Huko Dashoguz, ghorofa ya nne,
Ogulgerek ameweka birika jikoni na kompyuta mezani,
ashindanishe kipi kitachemka kwanza.

Mwaka juzi kompyuta ilishinda.
Mwaka jana zilitoka sare.
Usiku huu chai imechemka, imepoa, imepashwa tena,
na ukanda wa kijani unasema: asilimia kumi na tisa.

Nesi huyu hajui mengi ya mitambo.
Anajua alichonong'onezwa na mdogo wake, Begmyrat,
usiku wa kuamkia safari ya Izmir:
ujumbe wako utavikwa maganda matatu kama kitunguu,
utapita mikono mitatu.
Wa kwanza atakujua wewe, asijue unapeleka wapi.
Wa mwisho ataona unakofika, asijue umetoka kwa nani.
Na wa katikati, maskini, hajui hili wala lile:
anapokea, anamenya, anapitisha.

Lakini kabla ya kuchagua mikono
sharti upewe orodha ya mikono yote.

Na orodha imenenepa.

Zamani ilikuwa ya mamia. Sasa ni maelfu:
mtu wa Ljubljana aliyeacha mashine ikiunguruma chini ya ngazi,
mabweni fulani ya Osaka,
mstaafu wa Tromso mwenye paka na umeme wa kumtosha.
Kila mmoja amefungua mlango wake kwa hisani,
kila mmoja ameongeza mstari mmoja,
na kwao, kwenye nyaya nono, mstari mmoja
ni unyoya juu ya ngamia.
Hapa waya ni uzi.
Na kamba hukatikia pembamba.

Asilimia thelathini na nne. Umeme unakatika.
Unarudi.
Asilimia mbili.

Anatukana, polepole, asimwamshe Jeren.
Anamtukana wa Ljubljana na ngazi zake,
anamtukana paka.
Mbona hamtoshi? Mbona mnazidi kuja?

Kisha anakumbuka.
Zamu ya usiku walipokuwa wawili tu wodini,
chupa moja ikapungua kabatini,
mkuu hakuuliza ni nani. Aliuliza: ni yupi kati yenu?
Lakini vuli ile walipopelekwa kumi na wanane shambani
kuchuma pamba ambayo hakuna aliyeomba kuichuma,
mtu alicheka afisa akihutubia,
akacheka kwa sauti, kicheko chenye meno,
na afisa akatazama vitambaa kumi na vinane vya kichwa
vilivyoinamia pamba,
akatazama,
akatazama,
akaondoka.

Hajamwambia mtu mpaka leo kwamba ni yeye aliyecheka.

Haya, njooni, anaiambia kompyuta. Njooni na uzito wenu.

Asilimia hamsini na saba.
Jina lake lenyewe ni ombi: Ogulgerek,
mwana wa kiume anahitajika.
Baba alikuwa na mabinti wanne, akamwita hivyo wa tano.
Miaka arobaini na mmoja anaitikia haja ya mtu mwingine.
Humu ndani hana jina,
na kwa mara ya kwanza hakuna anayemtaka awe mwingine.

Ujumbe ni mfupi. Hauna picha, picha ni anasa.
Idadi ya wauguzi, tarehe, kilo.
Mistari kumi na miwili,
na orodha ya wabebaji inaushinda uzito mara elfu,
kama jeneza la kichanga
lililofuatwa na mji mzima.

Asilimia tisini na moja.
Jeren anatoka chumbani, miguu mitupu, anataka maji.
Mama, unafanya nini gizani?
Nangoja watu.
Wangapi?

Ogulgerek anautazama ukanda wa kijani.
Sijui, anasema. Wameongezeka tena.
Na anainuka kuweka birika.